Jina Nililoliimba kwa Ti na Taa

Mwanangu, Baba,

Hata leo nakuita Baba, kama nilivyokuita tangu unanyonya. Ulirithi jina la babu yako mzaa baba, na kwetu Tukuyu mke hamtaji baba mkwe, hata awe mbali kiasi gani. Wenzangu hapa Temeke waliwaita watoto wao kwa majina mchana kutwa. Mimi nilisimama mlangoni nikipiga makofi ili uje, kama mtu anayefukuza kuku, maana nikipaza sauti "Baba" wangegeuka wanaume wote wa mtaa.

Kisha ukaanza kushinda dukani kwa Mzee Jafari, yule Mhindi mwenye kibali cha kuzungumza na watu wa ng'ambo kwa mtambo wake wa redio. Akakufundisha alama za Morse, kila herufi kwa milio mifupi na mirefu. Ukarudi nyumbani unatafuta mtu wa kufanya naye mazoezi. Baba yako akasema yeye karani, kelele za ofisini zinamtosha. Nikabaki mimi.

Nilikuwa mwanafunzi wa hovyo! Siku ya kwanza nilishika mwiko nikagonga sufuria, ukacheka mpaka ukashika mbavu.

"Mama, mwiko una mlio mfupi tu. Mrefu utautoa wapi? Imba kwa mdomo: ti, taa."

Nikaimba huku nachambua mchele. Herufi zilinishinda, nikashika za jina lako tu. Nilipoliimba lote nikashtuka, nikakuuliza kama sijamkosea babu yako.

"Aa, mama, umeimba tu. Hujamtaja mtu."

Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi sana. Tangu hapo nilikuita kwa ti na taa, nawe ukaitika "naam, mama" kutoka uani. Shangazi yako alidhani nimepata wimbo mpya wa kanisani.

Masikio yako hayo, mepesi kwa Morse, ndiyo yaliyokuponza. Vita vilipokuja, serikali ilichukua mtambo wa Mzee Jafari, na jeshi likakuchukua wewe ukapeleke habari za askari huko Burma. Hukurudi. Kaburi hakuna, wala hatumjui aliyekuona mwisho.

Kwenye ibada ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mchungaji alimwomba kila mama asimame, ataje jina la mwanawe. Nikasimama. Babu yako alikwisha kufa, na baba yako akaninong'oneza, "Taja, mke wangu, hakuna wa kukasirika." Mdomo ukakataa katakata. Mchungaji akasubiri, kisha akamgeukia mama mwingine. Jina lako halikusikika kanisani, na jambo hilo linanila moyo mpaka leo.

Juzi nilienda kwa Mzee Jafari, maana amerudishiwa mtambo wake. Nikamwomba aniache nikuite mara moja tu. Akanivutia kiti.

"Mama, huna leseni, siwezi kukuachia urushe jina hewani. Nitachomoa waya wa nje, halafu wewe bonyeza kitufe hiki upendavyo."

Akauchomoa. Nikabonyeza jina lako lote, taratibu, bila kukosea hata herufi moja. Lilipendeza, Baba. Nilijua fika kwamba haliendi popote.

Mzee Jafari akainamisha kichwa, akaniuliza kama nimemaliza.

Nikamwambia bado, nasubiri uitike.

Lala pema, mwanangu, popote walipokulaza.

Mimi mamako