Omena Ndani ya Koti la Nepal

Mama na Levis,

Nimeenda Homa Bay kutafuta koti lingine la mitumba. Lile la bluu lisiingizwe ndani. Limwagieni maji moto.

Asubuhi nilijaribu koti hilo langu la safari ya Nepal. Kumbe Dani, bibi yetu mzima, alijaza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mikono ya koti, tena hawajakauka! Funza walinitambalia hadi kwapani. Nimetapika mara mbili, na harufu bado iko kwenye nywele.

Eti jana alisema, “Huko milimani hakuna ziwa, nyathina, mtoto wangu, atakula nini?”

Levis, usicheke. Ndege ni Jumatatu na huko kuna theluji.

~~Mwambieni Dani sibebi samaki wake.~~

Mwambieni Dani aanike wengine, siku tatu juani. Nitawabeba, lakini kwenye kopo lenye kifuniko.

Dada mtu