Majani Juu ya Kanga

Nachingwea

Baba Ivan,

Umeniandikia: "Kuotesha maua ni subira tu, hata mimi nimeweza." Si kweli. Subira huna. Nilikupa majani matatu manene ya ua langu la dirishani, ukayamwagilia kila siku kama mchicha, yakaoza. Nikakupa mengine, nikakueleza kwamba jani likishakatwa hulazwa kivulini siku nne, kidonda kikauke, ndipo lipandwe.

Huku hatujambo. Mikorosho imetoa maua, na jino la Ivan limepona.

Sasa umenitumia picha ya chumba chako huko kazini Ruangwa, unajisifu: makopo sita yamechipua, na majani mengine yanakauka juu ya kanga. Kanga hiyo ni ya nani? Unasema jirani yako Letisia "huwa anapita kuangalia tu." Anayepita kuangalia tu hatandiki kanga yake chumbani kwa mume wa mtu. Na wewe Jumapili ya nne hii hujaja nyumbani.

Naona wivu, sikatai. Nilikufundisha wewe, amesikia yeye.

Kwa hiyo wewe na Letisia, someni hapa pamoja: Jumamosi nileteeni makopo yote sita. Na hiyo kanga aje nayo mwenyewe, amejifunga.

Mkeo wa ndoa,
Gaudensia