Malaika wa Ukuta wa Kaskazini

Kalnupė, 9 Februari 2003

Mpendwa Baba Liucija,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila magoti yananinung'unikia kwa baridi. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha, au bado mnaishi pamoja huko Ujerumani?

Wamekuja mafundi wa picha za kale. Wamekwangua kidogo ukuta wa kanisa la shule, wakakuta chini ya rangi yako yumo Bikira Maria, wa tangu enzi za kabaila aliyelijenga, kabla Warusi hawajaligeuza ghala la nafaka. Wakimfunua, serikali itatoa fedha za kuezeka bweni. Wasichana wanalala na masufuria vitandani kukinga maji. Lakini kumfunua yeye ni kumkwangua malaika wako.

Sista Mkuu alinifuata jikoni. "Bronė, ule uso ni wa mwanao. Bila neno lenu, sigusi."

"Pua ni yake, Sista. Na ukaidi pia."

Tukacheka, kisha tukalia juu ya viazi.

Miaka tisa tangu homa ya uti wa mgongo imtwae Liucija wetu katika bweni hilohilo. Ulimchora, ukafunga mzigo, hujamtazama tena. Mimi humsalimu kila alfajiri kabla ya kuwasha jiko. Niseme nini? Wanangoja hadi Jumatano ya Majivu.

Mkeo,
Mama Liucija

Kalnupė, 4 Machi

Baba Liucija,

Salamu nyingi. Posta haijaleta kitu. Kesho ni Majivu. Usiku wa jana mvua imelowesha vitanda, na leo mtoto mmoja wa darasa la sita anakohoa. Nimeshindwa kuvumilia kumsikiliza. Nimemwambia Sista: fanyeni.

Kama nimekosea, nigombeze, mradi uandike.

Mama Liucija

Bremen, 7 Machi

Mama Liucija,

Milele na milele, amina. Barua yako ya Februari nimeipata jana. Walituhamisha, ikazunguka kambi zote za ujenzi. Kikohozi kimeshanioa kabisa.

Najua Majivu yamepita, lakini kama bado hawajamgusa, usikubali! Paa nitaliezeka mwenyewe, na wenzangu wawili wako tayari. Nimekata tiketi ya basi. Miaka yote nimeuogopa uso ule. Sasa nafumba macho niutafute, siuoni. Naona rangi tu. Nisubiri, mke wangu, tuingie pamoja.

Baba Liucija

Kalnupė, 15 Machi

Baba Liucija,

Barua yako imefika leo. Sijui nikusalimu vipi.

Walimaliza juzi. Binti mwenye kisu, mmoja wa mafundi, aliniuliza, "Mama, nianzie wapi?" Nikamwambia mabawa. Alipofika usoni akasema, "Toka nje kidogo, mama yangu." Nikabaki. Nilimzaa mimi, nisingemwacha aende na mgeni.

Bikira ni mzuri, sikatai. Wasichana walimwimbia. Mimi nikarudi jikoni.

Njoo vivyo hivyo. Ila ukishuka kwenye basi, usipitie kanisani. Zunguka nyuma, uje kwangu kwanza.

Mama Liucija