Mikono ya Mpaka Hina

Jumatatu, 3 Februari
Nimechekecha hina mara tatu kwa mtandio wa zamani. Nikakamua limau. Limeniingia kwenye nyufa za vidole hadi machozi. Wiki ya tano hii. Ngozi nyekundu, ya moto, inatoa majimaji, inakauka, inapasuka tena. Nikaipaka hina hiyo hiyo, maana tangu lini hina isiwe dawa? Imezidi. Arusi ya Zuhura, binti wa dada yangu, ni wiki ijayo. Nampaka tangu ana miaka minne. Lazima nimpake mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Boti ya asubuhi kutoka gati la Mtangawanda, kwenda kliniki mjini Amu. Mwanamke aliyeketi karibu yangu aliona mikono, akamsogeza mwanawe. Nikaificha ndani ya buibui njia nzima.

Daktari kijana, wa bara, mpole. Kasema seli za ngozi zimeshikana kwa vishikizo vidogo sana. Uvimbe ukiwaka, vishikizo vinalegea. Maji ya mwilini yanavuja nje, kila kitu kikali kinapata pa kuingilia, na kikiingia uvimbe unawaka zaidi. Nimeelewa mara moja. Ukuta wangu wa uani umelika chokaa, mawe yameachana, mvua inaingia itakavyo.

Akauliza natumia nini. Hina, na piko, ile rangi nyeusi ya nywele, ili maua yakoze. Kwa mkono mtupu, miaka yote. Ndiyo hiyo piko, kasema. Mwili ukishaikataa hausahau. Hata wa hao ninaowapaka. Ila hali yenyewe haiambukizi. Kanipa malhamu. Piko basi. Limau basi. Kupaka watu basi, mpaka ngozi ifunge.

Jumamosi, 8 Februari
Nimekwenda kwa dada. Sitampaka Zuhura, nimesema, lakini apakwe hina tupu, piko asitiwe. Idd iliyopita mikono ilimwasha siku mbili. Tulisema ni joto.

Dada kanitazama machoni. "Mato yako yaonesha wivu. Huwezi kupaka, basi wataka na mwanangu asipambwe?"

Nimekasirika. Nimemjibu maneno ambayo sitayaandika. Zuhura kaitazama mikono yake.

Chakula kikaja. Wao sinia, mimi sahani ya bati, pembeni, na kijiko chake. Nikawaambia haiambukizi. Wakasema wajua. Sahani ikabaki pale pale.

Alhamisi, 13 Februari
Leo Zuhura anapakwa. Wamemleta mpakaji kutoka Amu. Vigelegele vinafika mpaka kwangu. Sikuitwa. Nina wivu, ndiyo, hapa naweza kusema. Na naogopa. Nimefagia ua mara mbili.

Jumapili, 16 Februari
Malhamu asubuhi, malhamu jioni. Ngozi haitoi maji tena. Hakuna aliyebisha hodi tangu arusi. Nilimsalimia paka kwa sauti, nikajionea aibu.

Alhamisi, 20 Februari
Zuhura kaja baada ya alasiri. Fungate haijaisha, katoka hivyo hivyo. Mikono kaificha ndani ya buibui. Nilijua kabla hajaitoa. Maua yote ya piko yameinuka malengelenge, kila jani, kila kikonyo. Mumewe, kasema, hana neno. Mama mkwe kamtengea sahani ya peke yake.

"Sikusikiza, mama mdogo."

Nilikuwa na la kumwambia, nimelibeba siku zote hizi: si nilisema? Nimeliacha. Nani alimpaka piko kila Idd tangu mdogo? Mimi. Nimemwambia hivyo. Kasema alikuwa akiyapenda maua yangu. Nikalia, naye akalia.

Kesho tunapanda boti pamoja, kliniki.

Wali ulikuwapo, na samaki wa kukaanga. Nimepakua kwenye sinia. Mikono yetu haifai, yote minne, tumekula kwa vijiko, sinia moja. Limau sikukamua.