Roelof Nijhoving: Walikufukuza, Kisha Wakakurudia

Baba, mwaka umetimia tangu uinamishe kichwa kwenye benchi la klabu ya soka ya Veenhorst, mvua ikinyesha, wachezaji wako wakidhani unafunga kamba za viatu. Mwaka mzima, na hasira zetu hazijapoa.

Uliichukua timu ile ikichezea uwanja uliojaa mashimo ya fuko. Ulikuwa mwalimu wa michezo shuleni, ukifika mazoezini kwa baiskeli, na ukaipandisha hadi ligi kuu. Ulipochoka kusimama pembeni ya uwanja, wakakufanya mkurugenzi wa ufundi. Jumapili ulimenya viazi huku ukigombana na redio, Mama akikuuliza, "Roelof, kwani refa anakusikia?"

"Leo atanisikia!"

Vijana uliowaona hawatafika mbali kisoka hukuwaacha kwa simu. Ulikwenda kwao, ukanywa kahawa na wazazi wao, ukawaambia mwenyewe. Rein Latuperissa, ambaye sasa anaoka mikate mjini, alitusimulia siku ya mazishi: "Mzee alikaa kwetu mpaka nilipomaliza kulia. Kisha akanitafutia shule."

Wewe je? Wewe walikufukuza kwa simu, ukiwa kitandani baada ya upasuaji wa moyo. Eti klabu inataka damu mpya.

Damu mpya ikawafikisha mkiani. Ndipo mwenyekiti wao, Bwana Van Beusekom, akaja jikoni kwetu na maua mkononi. Mama alikuwa ameshafunga mizigo ya safari yenu ya Zeeland.

"Kahawa utapata," Mama akamwambia. "Mume wangu hupati."

"Zimebaki mechi sita tu, Aaltje," ukasema wewe, umeshasimama.

"Daktari alikwambia nini?"

"Nipunguze hasira."

"Na unakwenda kuifundisha Veenhorst!"

Ukacheka, ukachukua koti. Kwa hilo tunakukasirikia na wewe, Baba. Watoto wa watu uliweza kuwaambia hapana, kwa upole, ukiwatazama usoni. Mtu mzima aliyekutupa ukashindwa kumwambia.

Mechi ya tano mlishinda bao moja kwa bila. Veenhorst haikushuka daraja. Wenzako wote waliruka kwa furaha, wewe hukuinuka.

Kanisani mwenyekiti akasema, "Alikufa akifanya alichokipenda." Baba mdogo Lammert akasimama katikati ya watu: "Alipenda kuishi pia, wewe bwana!" Hakuna aliyemwambia aketi.

Wiki hii wamemtuma mtu nyumbani. Jumamosi wanataka uwanja mzima ukae kimya dakika moja kwa heshima yako. Mama akamjibu pale pale mlangoni: "Wangenyamaza siku ile walipokuja kumchukua." Akafunga mlango, akaketi kwenye ngazi, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Jumamosi hatutakwenda uwanjani. Tutakuja kaburini kwako, na hatutakaa kimya.

Unakumbukwa na mkeo Aaltje, wanao Gerko na Jantine, mdogo wako Lammert, wajukuu zako, na vijana wote uliowafuata makwao kuwaambia ukweli. Hasira huenda zikaisha siku moja. Wewe, Baba, hatutakusahau kamwe.