Albamu Mpya ya Radi Kavu Imenitenga na Shemeji Yangu

Mshauri wetu wa Jumatano, mimi nina miaka themanini na moja, na katika hiyo nimewazika wenye karakana watano waliosema nitatangulia mimi, nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, nimemaliza redio saba na paka ambao sikuwahesabu, kwa hiyo ukisoma barua hii usifikiri unasoma ya mtu aliyechanganyikiwa, unasoma ya fundi breki za malori, niliyeishia darasa la tatu na ninayeandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ninaomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana Jumamosi mambo yataharibika.

Shida yenyewe ni bendi. Ipo bendi ya roki inaitwa Radi Kavu, wewe labda ni mtoto huwajui, watu wanne na magitaa ya umeme, walianza kupiga wakati mimi bado nina kiuno, na mimi ndiye mwenyekiti wa chama chao cha mashabiki cha kwanza kabisa, hakuna cha zamani zaidi, tunakutana sebuleni kwangu kila Jumamosi saa kumi alasiri, yupo mwalimu mstaafu ambaye ndiye katibu, yupo dereva wa gari la wagonjwa, yupo shemeji yangu fundi makochi, aliyemwoa dada yangu na aliyetengeneza viti vyote tunavyokalia, na wengine sita saba wa kupiga makofi. Gramafoni ni yangu. Haiguswi na mtu. Miaka hamsini sindano naishusha mimi peke yangu kwa sababu ya sikio langu, maana sikio hili lilikuwa likisikia lori linaingia getini linasema breki ya nyuma kushoto imekwisha, na dereva aliyekaa ndani hajajua.

Chama kina sheria moja kubwa niliyoitunga mimi. Albamu mpya ikitoka, kwa siku arobaini mwanachama haruhusiwi kuisikiliza popote isipokuwa kwangu, kwenye mashine ya chama, ili tuwe na maoni ya pamoja tusiharibiwe na maneno ya barabarani. Sasa Radi Kavu hawakuwa wametoa albamu kwa miaka ishirini na mbili, na mwaka huu, wazee wa sabini na kitu, wakatoa, inaitwa Meno Yetu Wenyewe, sahani mbili nene nyeusi zinanukia upya, na mwimbaji wao tunayemwita Koo la Shaba akasema redioni kwamba hii wanawapelekea mashabiki wa zamani waamue, wakisema inatosha, basi bendi itatundika magitaa.

Jumamosi ya kwanza watu walikuja wameoga. Mwalimu alivaa tai. Nikashusha sindano, na Mshauri, ilitoka sauti kama ng'ombe anayeota ndoto mbaya. Dramu zilikuja moja moja kama mtu anayeshusha kabati kwenye ngazi. Gitaa likalia na kulia mpaka mama watoto akachungulia kutoka jikoni akauliza, "Nani kafariki?"

"Huu ni uzee," mwalimu akasema, akalegeza tai. "Si kosa lao, ni miaka."

"Mimi nimebeba wagonjwa mahututi wenye kasi kuliko hawa," akasema dereva.

Mimi nikasema ni aibu, wangebaki nyumbani wakacheza na wajukuu. Wote wakaitikia, isipokuwa shemeji. Shemeji alikuwa anafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha makochi.

"Mimi nimeipenda," akasema. "Hawana haraka. Wamezeeka kama sisi na hawaoni haya. Hebu rudia huo wimbo wa tatu."

"Shemeji, masikio yako umeyajaza sponji," nikamwambia.

"Na wewe yako umeyafunga breki. Kila kizuri kikifika hapo kinasimama."

Watu wakacheka, wakanicheka mimi, ndani ya nyumba yangu, kwenye mashine yangu, basi uenyekiti ukanipanda kichwani nikamfukuza chama palepale. Hakubishana. Alisema tu, "Kiti changu nilikitengeneza mimi," akakibeba kichwani akatoka nacho, na sasa sebuleni kuna pengo, mama watoto amenikataza kuweka kitu chochote pale, na dada yangu hanisalimii, wiki ya sita hii. Halafu mwalimu akaandika barua kwa bendi, mimi nasema yeye anaandika, mstari wa mwisho unasema Pumzikeni, mmechoka na sisi mmetuchosha, nikatia sahihi yangu kubwa, bado anayo mwalimu, ataipeleka redioni isomwe Jumamosi hii kwa kuwa siku arobaini zimekwisha.

Sasa sikia. Jumatatu asubuhi nilikwenda saluni kwa mjukuu wangu, ni msusi, kumtengenezea kile kiti cha kupanda na kushuka. Nipo chini ya kiti na bisibisi, kwenye simu yake ukaanza wimbo. Mshauri! Magitaa mawili yanafukuzana kama kuku na mwenye kuku, dramu zinapasua, mwimbaji anapiga ukelele kama mtu aliyeachishwa kazi asiyoipenda. Nilitoka chini ya kiti nikiwa tayari nacheza. Sikukusudia. Mguu ulianza, mabega yakafuata, bisibisi ikawa maikrofoni, mteja mmoja mwenye rola kichwani akanishika mkono tukazunguka, chupa ya dawa ya nywele ikaanguka, mjukuu akapiga vigelegele.

"Babu, kumbe na wewe unawapenda!"

"Vijana gani hawa?" nikauliza nikihema.

"Vijana? Babu, si Radi Kavu hao! Meno Yetu Wenyewe hiyo."

Nilirudi nyumbani bila bisibisi. Nikachukua miwani ya mama watoto, maana mimi sihitaji miwani, nikasoma karatasi ya katikati ya sahani. Imeandikwa kwa herufi ndogo za kishenzi kwamba sahani izungushwe mara arobaini na tano kwa dakika. Na mashine yangu ina swichi ya thelathini na tatu na ya arobaini na tano, na hiyo swichi niliibandika plasta kwenye thelathini na tatu zamani wajukuu walipoanza kutambaa, kwa kuwa sahani zetu zote za nyuma ni za thelathini na tatu na haikuwa na haja ya kuguswa. Kwa hiyo mashine iliteleza kidogo, ikapunguza mwendo. Siyo mimi, ni plasta.

Sasa nifanyeje? Nikisema, jina la sikio langu limekwisha, na uenyekiti nao, na dereva atanicheka mpaka kaburini, tena atanipeleka yeye. Nisiposema, barua itasomwa, Koo la Shaba atatundika gitaa kwa ajili ya plasta ya sebuleni kwangu, na shemeji atabaki huko nje na kiti chake. Nimefikiria kuibandua kimyakimya niwaambie wanachama kwamba bendi wametuma sahani nyingine iliyorekebishwa. Je, ni vibaya sana? Naomba jibu, lisiwe refu, nina kazi.

Mwenyekiti

Jibu la Mshauri

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni. Ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu, "nilikosea", na halimo. Umeilaumu mashine, umeilaumu plasta, hata herufi umezilaumu kwa udogo wake. Plasta haikutunga sheria ya siku arobaini. Plasta haikumfukuza mtu.

Hiyo habari ya sahani iliyorekebishwa, achana nayo leo hii. Umecheza saluni, mzee wangu. Saluni! Unafikiri yule mama wa rola amekaa kimya tangu Jumatatu? Kwa sasa mtaa wa tatu wanajua ulizunguka mara ngapi.

Nakuonea huruma, nisiseme uongo. Umeishi na sifa moja miaka hamsini, na kuiweka chini mbele ya watu walewale waliokusifu si kazi ndogo. Lakini hebu jitazame. Una miaka themanini na moja, uko sakafuni na bisibisi, na muziki unakutoa chini ya kiti bila ruhusa yako. Wananiandikia watu wa miaka thelathini ambao hawakumbuki mara ya mwisho walipocheza. Hayo ya saluni ndiyo maoni yako juu ya albamu hii. Sikio lako lilifanya kazi yake, tena bila kuambiwa ni nani anayeimba. Kilichokwama ni mdomo.

Sasa nisikilize. Ukimaliza kusoma gazeti, vaa viatu uende kwa mwalimu ukachukue ile barua, na umweleze kwa nini. Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa shemeji yako. Usimtume mjukuu, usibebe sahani, usijifanye umepita kuangalia bei ya kochi. Sema neno lile, halafu nyamaza. Ukijisikia "lakini" inakuja, uma ulimi. Huyo mtu alisikia muziki ulioharibiwa na wewe akaona uzuri ndani yake, akausema peke yake mbele ya chumba kizima kilichokubaliana nawe. Wa namna hiyo hafukuzwi kwenye chama cha muziki, anabembelezwa abaki. Jumamosi ibandue plasta kwa mkono wako, watu wote wakiona, na wakikucheka wacha wacheke, wana haki yao. Hiyo sheria yako ifute. Na ununue miwani, mama watoto anahitaji yake.

Mwenyekiti Ameandika Tena

Mshauri, ushauri wako ndio uleule niliokuwa nao mimi tangu mwanzo, wewe umeupanga tu, hata hivyo asante.

Mwalimu alinipa barua, akasikiliza, akasema "Ndiyo maana!" akacheka mpaka akashika ukuta. Shemeji nilimkuta karakana ameinamia kochi na misumari midogo imejaa mdomoni, mafundi makochi ndivyo wanavyofanya kazi, mdomo ndio kopo la misumari, na mtu hawezi kukujibu mpaka aitoe yote. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikasema, "Shemeji, nilikosea. Sahani niliipiga kwa mwendo usio wake." Nikauma ulimi kama ulivyosema, uliniuma kweli. Yeye akaanza kutoa misumari, mmoja mmoja, anaipanga mezani, kumi na minne, niliihesabu yote kwa kuwa sikuwa na pa kutazama, halafu akasema, "Sikukusikia vizuri." Nikarudia. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, akasema, "Shikamoo kaka," nami nikageukia ukutani kidogo, kulikuwa na vumbi la sponji mle ndani.

Jumamosi niliibandua plasta mbele ya watu. Ilipotoka tu magitaa yakaingia sebuleni kama wageni wenye njaa. Dereva alicheza mpaka akauliza nani atamwendeshea gari lake akizimia. Mwalimu tai ilimwishia mgongoni. Walinicheka, ndiyo, walinicheka wimbo mzima wa kwanza na nusu ya wa pili, kisha wakachoka, hawana pumzi kama yangu. Shemeji peke yake ndiye aliyekaa, kwenye kiti alichokuja nacho kichwani, mikono kifuani.

"Hawa wanakimbilia wapi?" akasema. "Nani anawafukuza? Turudishie ile."

"Shemeji, ile ilikuwa makosa!"

"Makosa ni yako. Wimbo ni wangu."

Tumebishana mpaka chai ikapoa, na bado hatujamaliza, na nikwambie Mshauri, sijafurahi hivi tangu nistaafu. Chama sasa kina pande mbili, Wa Haraka na Wa Polepole. Wa Polepole wako wawili, shemeji na mama watoto, ambaye miaka yote hii nilidhani anapika tu kumbe anasikiliza. Tukaandika barua mpya, tukawaambia Radi Kavu wapige mpaka vidole viote sugu juu ya sugu, na chini yake shemeji akalazimisha mstari wa Wa Polepole wote wawili, Punguzeni mwendo. Redio wakaisoma yote, na habari ya plasta ndani. Juzi mtangazaji akasoma jibu la Koo la Shaba, kwamba alicheka mpaka mkewe akamletea maji, kwamba magitaa hayatundikwi, na kwamba wakija kupiga huku, wale wawili wa Polepole watengewe viti vya mbele kabisa. Viti vya mbele! Mimi mwenyekiti sikutajwa.

Kama unafikiri natia chumvi, muulize mwalimu, barua ya kwanza alininyang'anya tena, amekataa kuichana. Muulize mjukuu wangu msusi, na yule mteja wa rola, amekwisha kujiunga na chama na anapiga kelele kuliko wanaume. Muulize dada yangu. Hata shemeji muulize, atakwambia yote haya ni uongo na kwamba sahani ilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, lakini ukitaka kumpata siku ya Jumamosi itabidi uje umuulize sebuleni kwangu.