Damu Niliyoigandisha Buchani

Noonkopir, 21 Juni 2004

Mpendwa Shangazi Roda,

Nimepoteza harusi Jumapili ya tarehe 13, saa nne asubuhi, na mbuzi kumi na wawili walikuwa washafungwa. Mimi ni Yonis, niko na bucha niliyoianza na kisu kimoja, na miaka kumi na sita sijarudishiwa nyama hata robo kilo. Sasa Mzee Burale, baba ya mchumba wangu Amran, alitaka tupimwe virusi vya ukimwi kabla ya nikaha, nikakubali, Amran akatoka sawa, mimi kifaa cha kwanza kikasema niko navyo, cha pili kikasema sina, Nasike wa maabara akasema vifaa vikibishana damu iende Nairobi kwa mashine kubwa, na kwa vile gari yangu ya nyama huenda huko kila alfajiri nikasema leta niipeleke, akanipa chupa, akasema, "Iweke baridi, bwana Yonis," na mimi baridi naijua, nikaitia friza pamoja na maini, digrii kumi na nane chini ya sifuri, tarehe 9 Nairobi wakaikataa, ati seli zimepasuka, haisomeki! Mzee Burale akasema, "Hata ng'ombe wangu hutolewa damu bila ujanja. Anayegandisha yake ana cha kuficha." Shangazi, kosa ni langu ama la Nasike ambaye hakutaja digrii? Nijibu waziwazi kabla ya Ijumaa tarehe 2 Julai, saa sita.

Yonis

Yonis,

Pole kwa harusi. Sasa keti. Uliambiwa baridi, hukuambiwa barafu. Damu si maini. Lakini kosa hilo ungelimaliza kesho yake. Wewe wa hesabu, hesabu hii: kutoka tarehe 9 mpaka siku uliyoniandikia ni siku kumi na mbili, moja kwa kila mbuzi, na mkono wako bado uko na damu ya kutolewa. Mbona hujarudi? Hugombani na Nasike, unaogopa jibu. Hata mimi ningeogopa. Aibu ni kumwacha Amran ajibu maswali ya mtaa mzima peke yake.

Vifaa kubishana si hukumu, ndiyo maana mashine ipo. Nenda kwa Nasike, mwombe msamaha, toa damu mpya, na chupa usiiguse! Mwite Mzee Burale akuone ukidungwa. Ukiambiwa urudi tena baada ya wiki kadhaa, rudi. Jibu likija, liwe lolote, Amran alisikie kwanza, kutoka kwako. Hata likiwa baya, dawa zimeanza kupatikana, na watu wanaishi.

Umenipa mpaka Ijumaa saa sita. Nami nakupa saa hiyo hiyo: umedungwa, ama bado? Neno moja tu.